Nani Atabaki Kituoni? Haki katika Kugawa Magari ya Kushirikiana

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa mipango miji na wadau wa usafiri, Dar es Salaam)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa mipango miji, nanyi madereva na wamiliki wa vyombo vya usafiri mlioacha shughuli zenu asubuhi hii kuja kukaa nasi: nawashukuru kwa nafasi hii, na naomba mniwie radhi nikikaa muda mrefu kwenye sehemu moja ya mada kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo sehemu inayoninyima usingizi.

Kila aliyeishi katika jiji hili anajua maana ya kugeuza na gari. Saa kumi na mbili jioni, abiria wa Mbagala au wa Gongo la Mboto aliyesimama karibu na mwisho wa ruti upande wa mjini hasubiri daladala linaloelekea kwake, kwa sababu anajua litafika likiwa limejaa. Anadaka lile linaloingia mjini, analipa nauli ya kwenda asikotaka kwenda, ili gari litakapogeuza awe tayari amekaa kwenye kiti. Amelipa nauli mbili kwa safari moja. Asiyekuwa na nauli ya pili anabaki kituoni akiangalia magari yanapita, na mwenye nguvu za kifua anajaribu dirisha. Hakuna mamlaka iliyotangaza bei mpya, wala konda hakubandika tangazo, lakini jioni hiyo bei ya kiti imepanda maradufu na kila mtu kituoni ameielewa. Nimeanza na mfano huu kwa makusudi, kwa sababu nitakayoyasema kuhusu magari ya kushirikiana, ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona hapa nyumbani, yanatokana na swali lile lile: panapokuwa na viti vichache kuliko watu, nani anakaa, nani anasimama, na nani aliyeamua hivyo.

Ninaposema magari ya kushirikiana sina maana ya taksi inayoitwa kwa simu, ambayo huja na dereva wake. Ninazungumzia gari lisilo na dereva wa kuajiriwa, lililoegeshwa mtaani au kwenye kituo maalumu, ambalo mwanachama hulifungua kwa kadi au kwa simu yake, huliendesha mwenyewe kwa dakika au saa anazozihitaji, hulipia muda huo au kilomita alizokwenda, kisha hulifunga na kuliacha kwa ajili ya mwenzake. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani huko Zurich, nchini Uswisi, ulikuwapo ushirika wa namna hii tangu mwaka 1948. Katika nchi hiyo hiyo vikundi viwili vidogo vilianza mwaka 1987, vikaungana mwaka 1997 na kuzaa ushirika wa Mobility, ambao magari yake mekundu yanaonekana hadi leo kwenye stesheni za reli za miji mikubwa na midogo.

Zipo namna mbili kuu za kuendesha huduma hii, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua ugumu wa kazi yetu. Katika namna ya kwanza, gari lazima lirudishwe pale lilipochukuliwa. Hapo hesabu ni nyepesi, kwa maana kila kituo kina magari yake na yatarudi tu. Uswisi imedumu kwa muda mrefu hasa kwa kushikilia namna hii. Katika namna ya pili, mtu anachukua gari hapa na kuliacha kule. Mwanachama anaipenda zaidi, kwa sababu halipii muda ambao gari limesimama akiwa kazini, lakini mwendeshaji wa huduma anaanza kupata homa. Asubuhi magari yote yanaingia katikati ya mji, jioni yote yanatoka, mvua ikinyesha yanatoweka, na siku ya mpira yanarundikana sehemu moja kama yamesombwa na maji. Jumla ya magari inaweza kutosha kabisa kwa jumla ya wahitaji, na bado mtu wa mtaa fulani akakosa kila siku, kwa kuwa upungufu wenyewe ni wa mahali na wa saa.

Wa kwanza kulikabili jambo hili kwa dhati, kwa kadiri ya usomaji wangu, alikuwa Mholanzi Luud Schimmelpennink, yule yule aliyebuni mpango wa baiskeli nyeupe za Amsterdam mwaka 1965. Mwaka 1974 alizindua mjini humo vigari vya umeme vyeupe vya magurudumu matatu na viti viwili, vilivyoitwa Witkar. Kabla mwanachama hajaondoka, alitakiwa kueleza anakwenda kituo gani, na kompyuta ilihakikisha kwanza kwamba kule kuna nafasi ya kuegesha. Fikirini jambo hilo, mwaka 1974. Mpango ulitarajia mamia ya magari, lakini yaliyopatikana hayakuzidi dazeni chache kwenye vituo vichache, na katikati ya miaka ya 1980 huduma ikafungwa. Ninachokichukua kwa Schimmelpennink ni kwamba alitambua tangu mwanzo kuwa nafasi tupu ya kuegesha ni bidhaa sawa na gari lenyewe, nayo inahitaji kugawiwa kwa utaratibu.

Paris ilijaribu jambo hilo kwa ukubwa ambao mji wa Schimmelpennink haukuupata. Mnamo Desemba 2011, chini ya meya Bertrand Delanoë, jiji hilo na miji midogo inayolizunguka walizindua Autolib', huduma ya magari ya umeme iliyoendeshwa na kampuni za kundi la Bolloré la Ufaransa. Magari yake, Bluecar, yalikuwa ya rangi ya fedha na yalichajiwa kando ya barabara. Yalianza kama 250, na baada ya miaka michache yakafika karibu 4,000 kwenye vituo takriban 1,100. Wanachama walizidi 150,000. Mtu aliweza kuagiza gari kabla hajafika kituoni, na aliweza pia kuagiza nafasi ya kuegesha kule aendako. Kwa miaka kadhaa wajumbe wa miji mingine walikwenda Paris kujifunza kama mahujaji.

Mkataba ulipaswa kufika mwaka 2023. Huduma ilifungwa tarehe 31 Julai 2018.

Kilichoiua kilikuwa zaidi ya kimoja, na sipendi hadithi zinazotaja sababu moja tu. Taksi za kuitwa kwa simu zilikuwa zimeingia mjini kwa nguvu. Magari mengi yalichakaa na kuchafuka, na kila aliyekuta gari limelaliwa na mtu usiku kucha hakurudi tena. Safari zikaanza kupungua ilhali gharama za kuyachaji, kuyasafisha na kuyahamisha zilibaki pale pale. Lakini kiini cha ugomvi kilikuwa fedha. Kampuni ilikadiria kwamba hasara ingefikia euro milioni 293.6 ifikapo mwisho wa mkataba, ikadai kwamba kwa mujibu wa mkataba yenyewe ilitakiwa kubeba milioni 60 tu, na kwamba takriban milioni 233 zilizobaki zilikuwa mzigo wa miji. Miji ilikataa hesabu hiyo na kuvunja mkataba. Wakati huo huo, madiwani wa vitongoji vilivyokuwa na vituo viwili au vitatu walikuwa wakiuliza kwa nini wachangie hasara ya huduma ambayo wakazi wao wengi hawaioni. Swali lao lilikuwa halali. Kituo cha pembezoni ndicho kinachoingiza kidogo zaidi, na mhasibu yeyote angeshauri kifungwe. Lakini mkazi wa pembezoni, mbali na treni ya chini ya ardhi, ndiye anayelihitaji gari kuliko anayeishi hatua mia mbili kutoka stesheni. Kwa karibu miaka saba huduma ilikua bila wahusika kukubaliana waziwazi nani analipia haki hiyo, na siku hesabu ilipoletwa mezani kila mmoja akamtazama mwenzake.

Naomba sasa niseme jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa masomoni, katika mji mmoja wa Ujerumani ambao si lazima niutaje, nilifanya kazi ya usiku katika huduma ya magari ya kushirikiana. Kazi yetu ilikuwa kuyahamisha. Tulianza saa nne usiku na kumaliza alfajiri. Kila mmoja alikuwa na baiskeli ya kukunja: unafika kwa baiskeli mahali gari lilipoachwa, unaikunja na kuitia kwenye buti, unaliendesha gari hadi mtaa ulioelekezwa kwenye simu, unalifunga, unaikunjua baiskeli, unaondoka kwenda kwenye gari jingine. Usiku mzuri nilihamisha magari kumi na mawili. Majira ya baridi vidole vilikufa ganzi kiasi kwamba nilishindwa kufungua klipu ya baiskeli na nikalazimika kuipasha kwa pumzi.

Simu ilituambia gari lipi liende wapi, na maagizo yake yalikuwa na mantiki. Gari lililokaa saa nyingi bila kuguswa lilihesabiwa kuwa limekufa, hivyo liliondolewa pembeni na kupelekwa katikati ya mji, ambako magari yalichukuliwa ndani ya dakika chache. Usiku mmoja nilitumwa kuchukua gari lililoegeshwa karibu na majengo ya ghorofa ya kitongoji cha mashariki. Nilipokuwa naikunja baiskeli, mama mmoja wa makamo alinisemesha kwa Kijerumani, kisha aliponisikia nikijisemea mwenyewe akageukia Kiswahili cha Lubumbashi. Alikuwa msafishaji hospitalini, zamu yake ilianza saa kumi na moja alfajiri, na basi la kwanza halikumfikisha kwa wakati. Alikuwa amejiunga na huduma hiyo kwa sababu hiyo tu. Alisema mara tatu wiki hiyo aliliona gari kwenye simu wakati wa kulala, na alipoamka saa tisa na nusu halikuwapo. Akaniuliza: "Mwana, ukipeleka hii motokari, miye nitaenda na nini ku kazi?"

Nililipeleka. Nilikuwa na orodha na nilikuwa na msimamizi. Lakini nilirudi nyumbani asubuhi ile nikijua kwamba aliyemnyima mama yule gari nilikuwa mimi, kwa mikono yangu, na kwamba hakuna popote katika mitambo ya kampuni palipoandikwa kuwa mtu amenyimwa. Hapa ndipo penye uzito wa mada yangu. Kumbukumbu za huduma zinaonyesha safari zilizofanyika. Mtu aliyeamka, akatazama simu, akakosa na kutembea kwa miguu, haachi alama katika hesabu ya safari. Programu inaposoma hesabu hiyo inaona kitongoji kisicho na mahitaji, inaondoa magari zaidi, na kwa kuwa magari yameondolewa safari zinazidi kupungua, na kupungua huko kunachukuliwa kuwa uthibitisho kwamba uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi. Hakuna mtu mwenye nia mbaya katika mzunguko huo, ilhali mwisho wake mtaa mzima umefutwa kwenye ramani.

Kwa hiyo sharti la kwanza ningelidai kwa huduma yoyote inayotaka kuja katika miji yetu ni kwamba ihesabu waliokosa, yaani kila mara mwanachama anapofungua programu na kukuta hakuna gari ndani ya umbali wa kutembea, tukio hilo liandikwe kwa mtaa na kwa saa, bila jina la mtu, na takwimu hiyo ipelekwe kwa mamlaka kila mwezi pamoja na ile ya safari. Ni jambo linalowezekana kabisa, maana simu inajua kwamba umetafuta. Konda wa daladala asiye na kompyuta yoyote anawaona waliobaki kituoni, na akifika mwisho wa ruti anawaambia wenzake kuna watu wengi pale. Itakuwa aibu kwa mitambo ya mamilioni kujua kidogo kuliko konda.

Sasa tuje kwenye bei, ambako watu wengi huanzia. Wachumi watawaambia, na kwa sehemu wana haki, kwamba mahitaji yakizidi ugavi bei ipande, ili wasio na haraka wasubiri na wauzaji wavutiwe kuleta zaidi. Katika taksi za kuitwa kwa simu hoja hiyo ina mashiko fulani: mvua ikinyesha na bei ikapanda, dereva aliyekuwa amelala Tegeta huenda akaamka na kuingia barabarani. Tunajua pia mipaka yake. Desemba 2014, watu walipokuwa wakikimbia kutoka katikati ya Sydney wakati mateka walikuwa wameshikiliwa kwenye mkahawa, bei za Uber zilipanda zenyewe, na kampuni ikalazimika kuomba radhi na kurudisha fedha. Mwaka huo huo, mjini New York, ilikuwa imekwisha kukubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo kuweka ukomo wa bei wakati wa dharura.

Katika magari ya kushirikiana, hata hivyo, hoja ya bei kupanda inapoteza mguu wake mmoja. Gari halina dereva wa kuamshwa usingizini. Ukipandisha bei mara mbili saa tisa usiku, hakuna gari hata moja litakalojisogeza kutoka upande wa pili wa mji. Magari ni yale yale, mahali ni pale pale, na kilichobadilika ni orodha ya wanaoweza kulipa. Bei ya juu hapo haileti ugavi, inachuja tu watu. Mama yule wa Lubumbashi angechujwa wa kwanza, na kijana anayerudi kutoka disko angeendesha.

Bei ya chini ndiyo yenye uwezo wa kuhamisha gari. Nilipolielewa hili, baada ya mamia ya usiku ya kukunja na kukunjua baiskeli, nilishangaa kwamba halisemwi mara nyingi zaidi. Mwanachama akiambiwa kwamba gari lililoko katikati ya mji, akiliendesha hadi kitongoji fulani kabla ya saa sita usiku, atalipa nusu, atapatikana mtu ambaye safari yake inaelekea huko au karibu na huko, naye atafanya kazi niliyokuwa nalipwa kuifanya. Paris walilithibitisha kwa baiskeli zao za Vélib' kabla hata ya Autolib': waendeshaji waliteremka na baiskeli kutoka vilimani kama Montmartre na hakuna aliyetaka kupanda nazo, mpaka walipoanza kutoa dakika 15 za ziada kwa kila anayeirudisha baiskeli kwenye kituo cha juu. Kampuni za magari nazo zimekuwa zikitoa dakika za bure kwa anayejaza mafuta au anayeliunganisha gari la umeme kwenye chaja. Ndiyo maana nasema punguzo litangulie nyongeza. Nyongeza ikibidi iwepo, kwa mfano siku za sikukuu, basi iwe na ukomo unaojulikana tangu mwanzo wa mwaka na iandikwe kwenye programu kwa shilingi, mtu aione kabla hajaligusa gari.

Sisemi haya kama kwamba bei ni adui. Tazameni Desemba yetu. Mabasi ya Moshi na Arusha yanaondoka Dar es Salaam yamejaa na kurudi na viti vitupu, gharama ya safari mbili inapaswa kulipwa na abiria wa safari moja, ilhali nauli rasmi haibadiliki. Walanguzi wa tiketi wanajitokeza kwenye mwanya huo, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inalazimika kutoa vibali vya muda kwa magari mengine ili kuongeza nafasi. Vibali vile ni ugavi halisi. Lakini nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatujawahi kuviuza kwa bei nafuu na kwa sauti kubwa viti vya yale mabasi yanayorudi matupu, kwa wenye sababu ya kuja mjini siku zile.

Kuna njia nyingine ya kugawa, nayo ni foleni, yaani kuagiza mapema. Inaonekana ya haki kwa sababu haimuulizi mtu kipato chake, na huduma za kurudisha gari kituoni huitumia sana. Lakini chunguzeni ni nani anayeweza kuagiza gari wiki mbili kabla. Ni mwenye kalenda. Mfanyakazi wa zamu anayepewa ratiba Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu, mama anayeuguliwa na mtoto usiku, fundi anayepigiwa simu asubuhi, wote hao wanafika kwenye foleni ambayo imekwisha kujazwa na watu waliotangulia, baadhi yao wakiwa wameagiza kwa tahadhari tu na wataghairi dakika ya mwisho. Ningependekeza magari ya kila mtaa yagawanywe mafungu mawili, moja likiwa wazi kwa wanaopanga mapema na jingine likifunguliwa saa chache tu kabla ya matumizi. Na anayeghairi kwa kuchelewa alipe kitu kidogo, kisichoumiza lakini kinachokumbukwa. Huko Quebec, nchini Kanada, kampuni ya Communauto iliyoanza mwaka 1994 inaendesha yote mawili kwa pamoja, magari ya kuagizwa na kurudishwa kituoni na mengine ya kuchukuliwa papo kwa papo, na mwanachama mmoja hutumia lipi linamfaa siku hiyo.

Nifike kwenye nafuu kwa wasio na uwezo, na hapa ninawageukia tena makonda, kwa heshima. Sote tumeona mwanafunzi aliyevaa sare akikataliwa kupanda daladala asubuhi. Tunamlaumu konda, na kweli anastahili lawama, lakini tukumbuke kwamba sheria imempa mwanafunzi nauli ndogo bila kumfidia mwenye gari tofauti yake, na konda ana hesabu ya kupeleka jioni. Tumemfanya mtoto kuwa abiria asiyetakiwa. Huduma ya magari ya kushirikiana itafanya vivyo hivyo, bila hata konda wa kulaumiwa, iwapo tutailazimisha kuwatoza watu fulani nusu bei na kuiacha ibebe pengo: magari yatakuwa "kwa bahati mbaya" mbali na mitaa yao. Los Angeles waliliona hilo. Walipoanzisha huduma ya BlueLA mwaka 2018 katika mitaa yenye watu wa kipato cha chini kama Westlake na Pico-Union, fedha za umma za jimbo la California ziliingizwa tangu mwanzo, na wakazi wenye kipato kidogo wakawekewa uanachama na bei ya dakika iliyo chini ya ile ya kawaida. Mtu anaweza kuhoji kiasi au usimamizi, lakini angalau ilijulikana nani analipa.

Tusije tukadhani pia kwamba tarakimu moja kwenye kanuni inatosha. Mwaka 2022 hapa nchini LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za taksi mtandao zingekata kwa madereva, kwa nia njema ya kumlinda dereva. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili, na ikarudi Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Katika kipindi hicho kuna madereva waliobaki na mikopo ya magari na bila wateja waliowazoea. Sina haja ya kuamua leo nani alikuwa sahihi. Ninachotaka wanafunzi wakione ni kwamba ukibana upande mmoja bila kufungua hesabu za pande zote, ugavi una miguu na unaweza kuondoka.

Najua kuna mwenye swali moyoni: haya yanatuhusu nini sisi, ambao wengi wetu hatuna hata leseni ya udereva? Ni swali zuri, na sitalikwepa. Huduma hii ikija Dar es Salaam, Nairobi au Kampala haitakuwa ya kila mtu, na mtu akiwaambia itamaliza tatizo la usafiri msimwamini. Daladala na mabasi ya mwendokasi yatabaki kuwa uti wa mgongo. Lakini gari la kushirikiana linasimama barabarani, barabara ni ya umma, na maegesho yanayolipiwa kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni ardhi ya watu wote, pamoja na yule anayetembea kwa miguu. Mwenye huduma atakapokuja kuomba nafasi mia mbili za kuegesha katika mitaa ya wenye uwezo kama Upanga, Masaki na Mikocheni, mji una haki ya kumwambia: utazipata, pamoja na ishirini za Tandika na ishirini za Kimara, utaweka magari huko kila usiku kwa idadi isiyopungua kiasi fulani, na gharama ya kufanya hivyo tutaiandika kwenye mkataba siku ya kwanza, sehemu yako na sehemu yetu. Jambo hilo ndilo Paris hawakulimaliza siku ya kwanza, na lilipoibuka lilikuwa limefikia mamilioni ya euro.

Wanafunzi, mtapewa kazi ya kuandika miradi muhula huu. Ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hamjafungua kompyuta na kuchora ramani za vituo, nendeni mkasimame kwenye kituo kimoja cha daladala mnachokichagua, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku, kwa siku tano mfululizo, mojawapo iwe ya mvua mkibahatika. Msiwahesabu waliopanda, maana hao wataonekana kwenye hesabu za konda. Waandikeni waliobaki: ni wangapi, wamesubiri dakika ngapi, wamebeba nini, wangapi ni watoto wa shule, wangapi wameamua kutembea na wameelekea upande gani. Leteni daftari hizo hapa mwezi ujao, tuzifungue pamoja na ndugu zetu madereva, halafu ndipo tuanze kuzungumza magari yaegeshwe wapi.

Ahsanteni sana.